Mawifi na Meza ya Drafti

9 Januari

Mke wa kaka,

Barua hii ikukute umekaa, maana najua kusimama kutwa na mtoto mgongoni si mchezo. Mimi sijambo, isipokuwa mafua yamenipitia na kuniachia sauti ya dume. Mwanangu Kibonge hajambo? Kaka anasema tumbo lake linafika mlangoni kabla yake. Mbusu mashavu yote mawili, mwambie shangazi yupo.

Naandika kwa sababu simu ya kwenu inakaa mfukoni mwa kaka, na kaka ni mchomeleaji: ukimuuliza habari ya mbao anakujibu ya chuma.

Kazini ni kuzuri. Samani za zamani zinatafutwa sasa na watu wenye nyumba mpya. Tajiri wa duka amenikabidhi dirisha la mbele nilipange nitakavyo. Nimeweka meza za michezo peke yake: moja ya karata, uso wake unakunjuka mara mbili na ndani una kitambaa cha kijani, moja ndogo ya duara yenye vishimo vya kuwekea bilauri, na katikati kabisa ya drafti, kete zake zimepangwa tayari kama wachezaji wameenda kunawa mikono. Picha iko ndani ya bahasha. Watu wanasimama barabarani kutazama.

Sasa, ile meza ya drafti ya marehemu baba. Bado ipo? Mbao zilizochomekwa kwenye miraba hazijabanduka? Droo zote mbili zinafunguka? Isikae juani. Usiipige msasa, usiipake vanishi, na tafadhali sana usiweke sufuria ya moto juu yake.

Naulizia tu.

Wifi yako


2 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Pole na mafua. Hiyo sauti ya dume itunze, itakufaa kwenye kupatana bei. Sisi tupo. Kibonge ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwa yeyote anayemsogelea. Kaka yako amepata kazi ya mageti, anarudi macho mekundu kama katoka msibani. Mimi nabadilisha zipu za watu hapa mlangoni, na nina matumaini siku moja nitapata cherehani yangu mwenyewe niache kuazima.

Picha imefika. Kaka yako ameibandika ukutani juu ya kioo, kwa hiyo siku hizi nikitaka kujitazama nakuona wewe kwanza. Kila anayeingia anaonyeshwa: "Huyo ni dada yangu. Dirisha lote hilo lake." Mtu mwenyewe kafuata zipu yake! Na mimi nimesimama pembeni na suruali yake mkononi. Haya, hongera, wifi. Nakupenda lakini unanichosha.

Meza ipo. Iko chini ya dirisha la chumba cha mbele, upande usiopigwa na jua. Miraba ni mbao mbili, nyeusi na ya rangi ya chai ya maziwa, zimechomekwa hata ukipitisha ukucha husikii mpaka. Droo ya upande wa mzee inafunguka vizuri. Ya upande wangu lazima uiinue kidogo ndipo uivute. Sufuria haijawahi kuikanyaga. Wewe unanijua mimi?

Unakumbuka nilipokuwa na mimba ya Kibonge, nesi akanikataza kunyanyuka, na mzee miguu ilikuwa imeshamgomea. Mimi tumbo, yeye miguu, mizigo miwili ndani ya chumba kimoja. Siku moja akasema, "Sogea hapa, mama, tusitazamane bure." Nikamwambia mimi shule niliishia njiani, hayo mambo ya kufikiri nitayaweza wapi? Akasema, "Kete nazo hazijasoma." Tukaanza. Mwanzoni alikuwa akinimaliza kabla chai haijapoa. Baadaye chai ikawa inapoa. Siku niliyomshinda alinuna mpaka jioni, halafu akamwambia kaka yako, mbele yangu, kwamba akiondoka meza ni ya huyu.

Lakini wifi, niseme na nyingine nicheke? Hizo kete zako za dirishani! Nyingine umeziweka kwenye mraba mweusi, nyingine mweupe, kama wageni wa arusi, kila mtu kakaa anapotaka. Zote zinakaa kwenye nyeusi. Na ubao umeugeuza, kona nyeusi inatakiwa iwe mkono wa kushoto wa mchezaji. Nilicheka mpaka Kibonge akalia. Mtaalamu wa meza! Hao wanaosimama barabarani usidhani wote wanasifu.

Nakutania, usinune.

Mama Kibonge


20 Machi

Mke wa kaka,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Natumaini mtoto hajambo.

Nimeshazungumza na kaka kwa simu na amekubali. Lori letu litapita huko mwanzoni mwa mwezi ujao kuchukua makabati. Dereva atakuja nyumbani kuchukua na meza ya baba. Anajua kufungua miguu, skrubu ziwekwe kwenye kimfuko zisipotee. Uso ufungwe kwa blanketi nzito, si shuka. Kete nazo ziwemo, zote, nyeusi na nyeupe.

Kitu cha namna hiyo kinahitaji mtu anayejua kukitunza.

Wifi


11 Aprili

Wifi,

Salamu. Mtoto mzima. Kaka yako mzima. Mimi sijui.

Dereva wenu alikuja. Mtu wa maneno mengi, kofia imekaa upande.

"Shemeji, nimefuata mzigo."

"Mzigo gani?"

"Meza ya drafti. Nimeambiwa nifungue miguu."

"Fungua ya kwako."

Akacheka, akadhani natania. Alipotoa bisibisi nikamkalisha Kibonge juu ya meza, katikati, nikamwambia haya, anzia hapo. Kibonge akamtazama, akamcheka kwa meno yake mawili, halafu akailowesha meza. Jamaa akarudisha bisibisi mfukoni. "Shemeji," akasema, "mimi hulipwa kubeba, silipwi kupigana." Nikampa chai, akaenda zake. Meza niliifuta palepale, usiwe na wasiwasi.

Kaka yako aliporudi ndipo vita ikaanza. Mnapangana kwenye simu, mimi nasikia kwa dereva! Nikamuuliza, meza ile ni ya nani? Akasema ni ya baba yao. "Na mimi nilikuwa nani yake?" Akasema, "Wewe mkwe." Mkwe! Mkwe aliyemkata kucha, mkwe aliyemvua soksi. Dada yake kila siku dada, dada, dada ana dirisha, dada anajua mbao. Nikamvuta mpaka kwenye picha. "Haya mtazame dada anavyojua. Kete gani zinakaa hivi?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Ulimwandikia hivyo?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini kitandani na viatu vyake. Akasema, "Baba hakuwahi kumfundisha. Tulikuwa tunacheza mimi na yeye. Dada alikuwa analeta viti."

Wifi, sikujua. Niliona binti wa mzee mwenye meza, nikajua lazima unacheza kuliko sisi wote, ni haraka tu ya dirishani. Kwa kicheko kile nakuomba radhi kwa moyo wangu wote.

Kwa meza sikuombi radhi. Siitoi.

Mama Kibonge


16 Mei

Mke wa kaka,

Nimesikia mwanangu alikuwa na homa. Kaka anasema imeshuka. Mpe maji mengi, na usimfunike sana kwa kumuonea huruma.

Sikutaka kuandika hili, lakini kaka ameshalisema, basi acha nilimalize mwenyewe.

Si viti tu. Nilikuwa nafuta kete. Kila Jumapili, kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, moja moja, nyeusi droo hii, nyeupe droo ile. Nazijua zaidi yenu nyote. Kuna nyeusi moja iliyopinda kidogo, ukiiweka mezani inacheza. Kuna nyeupe iliyowahi kuungua ukingoni. Nikishamaliza, baba ananiambia, "Asante, mama, muite kaka yako." Naenda jikoni. Nasikia tak, tak, halafu kimya, halafu kaka anapiga kelele, kete yake imeliwa. Nilikuwa najua nani anashinda kwa kusikiliza tu. Nikiomba kukaa ananiambia huu mchezo unataka utulivu, na wewe, mwanangu, una mdomo.

Nikakubali. Nikajiambia ndivyo alivyo, ni mtu wa zamani, hafundishi mtoto wa kike. Nimeishi na hilo miaka yote na halikuwa linauma tena. Nikatafuta kazi kwenye duka hili kwa sababu siku niliyopita nje niliona meza kama ile. Wateja wakiniuliza habari za mbao nawajibu. Wakiniuliza namna ya kucheza nawaambia inategemea na nyumba.

Halafu unakuja wewe. Na tumbo lako. Unaambiwa "Sogea hapa." Kumbe mtoto wa kike anafundishika! Kumbe ilikuwa ni mimi tu.

Usiniambie ulimkata kucha. Ningezikata mimi kama ningeambiwa zimerefuka. Naitaka meza. Wewe umepata mchezo, mimi nipe mbao.

Wifi


5 Juni

Wifi yangu,

Homa imekwisha kabisa. Kibonge sasa anasimama kwa kushika meza, akishachoka anajiachia puu, anatazama kama kuna aliyeona. Kaka yako ananisemesha kidogokidogo, leo kaniuliza chumvi iko wapi ilhali ameishika.

Barua yako nimeisoma mlangoni, mteja akanisubiri. Sindano ilinichoma kidole. Sijui nikuambie nini kuhusu mzee. Huenda ni kwa sababu alizeeka, huenda ni kwa sababu hakuwa na mwingine wa kucheza naye, kaka yako anarudi amechoka. Siwezi kumsemea. Kwangu alikuwa mtu mzuri na sitaki kumpunguza, na wewe usitake nimpunguze ndipo tupatane.

Lakini unanionea wivu mimi? Mimi! Wewe una funguo za duka. Wewe ukiingia benki unaambiwa karibu, mimi naulizwa nimemfuata nani. Kaka yako akiwa na jambo zito anakupigia wewe, kisha mimi ananiambia tumeamua. Mtu mmoja tu katika ukoo wenu ndiye aliyewahi kunitazama akafikiri kabla ya kujibu, na alikuwa akifikiri juu ya hiyo meza. Ukiniambia nikupe mbao unaniambia nibaki na nini?

Sasa sikiliza. Una likizo mwezi wa saba. Njoo. Nitakufundisha mimi, kila siku, tangu Kibonge anapolala mchana mpaka anapoamka. Siku ya mwisho tucheze mchezo mmoja. Atakayeshinda meza yake, na aliyeshindwa asiseme neno. Kaka yako atakuwepo kuangalia, na mdomo ataufunga.

Najua unaweza kusema ni ujanja, mwalimu atashindwaje na mwanafunzi. Basi usije. Lakini ukija nitakaa mbele yako kama nilivyokaa mbele yake.

Mama Kibonge


9 Agosti

Wifi yangu,

Nimefika salama. Vile viandazi ulivyonifungia viliisha kabla sijatoka mjini kwenu, jirani yangu wa kiti alikuwa na macho ya kuomba. Nguo ya Kibonge imebaki kwenye mkoba wangu, ile yenye vifungo vya njano. Sijaifua. Inanukia yeye.

Ulisema aliyeshindwa asiseme neno, na kuhusu meza sisemi. Ni yako. Nimemwambia na kaka asinihurumie kwenye simu.

Ulinifundisha vizuri. Siku ya kwanza uliponiambia, "Haya, kaa," nilisimama nikatafuta kiti nikuletee, mpaka ukanishika mkono. Nilikuwa napenda vile unavyotia kete bila kelele, na vile unavyong'ata uzi wakati wa kufikiri ingawa hakuna uzi. Siku Kibonge alipoitia kete mdomoni, tukabishana kama inahesabika imeliwa au la, nilicheka kwa namna ambayo sijacheka tangu msiba wa baba.

Lakini ulinificha kitu.

Siku ya mwisho nilikuwa mbele yako kwa kete mbili. Kaka alikuwa ameanza kutabasamu, nilimwona. Halafu ukasukuma kete moja mbele yangu, bure, kama umekosea. Nikala, ilikuwa lazima nile. Ukaruka moja, ukaruka ya pili, ukatua mstari wa mwisho, kete yako ikawa kingi. Ukarudia tena, kwa namna ileile. Wiki zote nilizokaa hapo hukuwahi kucheza hivyo. Hata mara moja. Na uliposukuma ile kete mkono wako haukufikiri.

Nimekuwa nikikaa dirishani kabla ya kufungua duka, nazipanga na kuzipangua. Naona kilichotokea, sioni unavyokijua mapema.

Sidai meza. Nakuuliza tu: hilo lilikuwa la baba?

Wifi yako


14 Septemba

Wifi yangu wa pekee,

Nguo kaa nayo, imeshamkaba shingo. Kibonge ametembea! Kutoka mezani mpaka mlangoni, akakuta mlango umefungwa, akakaa akalia kama kanyimwa haki. Tangu uondoke kila mwanamke anayepita yeye anamwita "Sha," yaani shangazi. Nami nimembeba miezi yote hii, bado hajasema mama. Nalo nimelimeza. Cherehani nimeipata, ya mkono, ya mama mmoja anayehama, tunalipana kwa zipu.

Ndiyo. Lilikuwa la mzee.

Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliandika kwamba ni bahati tu, nikaichana.

Nitakuambia ilivyokuwa. Kabla hujaja niliomba uwe mzito wa kuelewa. Nilijiona nikikufundisha polepole, nikikupigia makofi kwa vitu vidogo, kaka yako akiona. Wewe ukafika, ukaelewa siku ya kwanza kitu kilichonichukua mimi nusu ya mimba. Kaka yako akasimama nyuma yako akasema, "Kumbe dada una kichwa cha baba!" Hakuwahi kusema mimi nina kichwa cha mtu. Kibonge naye kakukalia mapajani, kakupa mate yake yote. Nikatazama chumba changu mwenyewe nikaona sina hata pembe. Nikasema moyoni, hili moja hapana. Hili nabaki nalo. Na si kwa ajili ya kushinda tu, wifi, nisikudanganye. Hata bila meza kuwa dau ningelificha. Nilitaka kuwe na kitu cha mzee ambacho wewe huna.

Nimeshinda. Kila asubuhi naifuta ile meza na hainipi raha. Nikikaa upande wangu naona upande wa pili ni wewe, unatafuta kiti uniletee mimi.

Kwa hiyo njoo Desemba. Tunacheza upya, meza haina mwenyewe mpaka mchezo uishe. Ukishinda, kaka yako atafungua miguu na mimi mwenyewe nitashona mfuko wa kuifungia, wenye pamba ndani. Nitalia. Usinibembeleze, utaniudhi.

Nimekuchorea ubao nyuma ya karatasi hii. Kete zenye alama ya msalaba ni zako. Soma taratibu, mkono wangu ulikuwa mzito, pengine ni wivu, pengine ni kalamu.

Siku mzee aliponifundisha hilo nilikuwa nimekwama, kete zangu zinakwisha, machozi yapo karibu, unajua mimba ilivyo. Yeye alikuwa na kete mbili zimefuatana kwa mshazari, kila moja nyuma yake kuna mraba mtupu. Mimi nimezikumbatia zangu sitaki kupoteza hata moja. Akaacha kucheza. Akasema tubadilishane kete, akanipa upande wake wenye nguvu, yeye akachukua wangu uliokwama. Akaisukuma moja mbele ya mdomo wangu. Nikala, sina hiari. Akaruka, akaruka tena. Akazirudisha kete zote zilivyokuwa, akasema, "Fanya wewe." Nikafanya. Akarudisha. "Fanya." Mpaka nikafanya bila kuambiwa.

Halafu akasema neno moja tu, nami sasa nakupa kama nilivyolipokea, sijapunguza: "Mama, usiitazame kete unayoitoa. Tazama mahali mwenzako atakapotua."

Wifi yako,
Mama Kibonge